Kila Mtu na Nusu Yake ya Sahani

Mlango uligongwa mara tatu, taratibu, kama anavyogonga mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa akiingia bila kugonga. Meno alitua kikombe mezani kwa nguvu, chai ikaruka na kulowesha kitambaa.

"Ni yeye," alisema.

"Si ana ufunguo?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye kochi bila kuinua macho. Alikuwa akimenya chungwa, ganda likishuka zima zima kama utepe.

"Ufunguo anao. Inayogonga ni aibu, nayo imechelewa wiki tatu."

"Basi ifungulie hiyo aibu, mwanangu. Isije ikaondoka, ukabaki kuchungulia dirishani."

"Nani achungulie?"

"Mimi. Tangu saa mbili nachungulia. Amekaa garini nusu saa nzima anajifuta jasho."

Meno hakutaka kusikia habari za jasho. Alijiangalia haraka kwenye kioo cha ukutani, akajikasirikia kwa kujiangalia, akaenda kufungua.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti. Kila mtu alimwita Meno, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchonga meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki ya daktari wa meno. Walikuwepo watu wazima wengi waliochekeana kwa meno aliyoyachonga yeye, na wengine waliotukanana kwa meno hayo hayo. Mkono wake haukutetemeka hata siku moja. Hasira zake, hizo zilikuwa habari nyingine.

Na aliyesimama mlangoni na ndoo ya buluu mkononi alikuwa Fundi Baridi, mtengeneza majokofu na viyoyozi. Miaka miwili nyuma aliitwa kwenye nyumba hii kurekebisha mashine inayopoza maji ya tangi. Kazi ya saa moja. Akakaa mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ingia, usisimame mlangoni kama mleta habari za msiba."

"Hujambo, Meno."

Meno aliitazama ndoo.

"Nimesema hujambo."

"Nimesikia. Vua viatu."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na kifungo cha pili cha shati hakikuwepo. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. Meno aliviona vyote kwa mtazamo mmoja, akayachukia macho yake. Macho gani haya yasiyojua kununa? Mwenyewe amekasirika, yenyewe yanahesabu vifungo vya mtu!

"Unakula wewe?" Shangazi aliuliza.

"Nakula, Shangazi."

"Unakula nini, kucha?"

"Shangazi, tafadhali," Meno alisema. "Tumekubaliana. Anachukua nusu yake, anakwenda zake."

"Mimi nimenyamaza. Nimekuja kusimamia mgawanyo tu."

Na kwa kusimamia migawanyo, dada huyu mkubwa wa marehemu baba yake Meno hakuwa na mpinzani. Alikuwa ameolewa mara tatu, akatoka mara tatu, na kila mara alitoka na masufuria yake yote na vifuniko vyake.

Cha kugawanywa kilikuwa ndani ya tangi. Tangi lenyewe lilichukua ukuta mzima wa sebule: kioo kirefu kupita kitanda, maji ya chumvi, taa za buluu, samaki wadogo wanaopita pita kama watu wenye shughuli, na matumbawe ya kila rangi yaliyokaa juu ya mawe. Lakini mmoja hakukaa juu ya jiwe. Yeye alilala peke yake mchangani, duara, mpana kama kifuniko cha sufuria, kijani kilichokolea, amejaa vidole laini vyenye ncha za waridi vinavyopepea, na katikati ana mdomo mmoja kama mshono. Tumbawe la namna hiyo halijishikizi popote. Hujivimbisha kwa maji, likajisogeza lenyewe mchangani, upana wa kidole kwa siku kama limeamka vizuri. Walimwita Sahani.

Sahani ndiye aliyewaoza kabla ya mtu mwingine yeyote. Fundi Baridi alimkuta kwenye tangi la ofisi moja lililozimika, amesinyaa, ubavu mmoja mweupe kama jino lililotoka nje ya fizi. Akamleta kwa Meno kwenye sanduku la barafu lisilo na barafu, amelipakata mapajani kama mtoto mwenye homa. Kwa miezi minne Meno alimlisha kamba waliosagwa, tone kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na Fundi akashusha joto la maji nyuzi kwa nyuzi. Kabla ya hapo walikuwa wakiitana "Fundi" na "Dada". Ubavu ulipofunga, walikuwa wameshaacha kuitana dada.

Sasa wamekuja kumkata katikati.

Kisa ni simu. Mama yake Fundi alikuja kumwona mkwe mtarajiwa, akakaa sebuleni saa mbili akiwa ameligeuzia tangi mgongo. Wiki iliyofuata akampigia Meno kazini. "Mwanangu, nimefurahi. Mwenzio kaniambia lile tangi mtaliuza kabla ya ndoa. Mmefanya la maana." Meno alikuwa anachonga gego la mteja. Gego likamkatikia mkononi. Hakujibu neno, alikata simu, akavua pete ya uchumba, akaitia kwenye kopo tupu la chakula cha samaki, akampa mtu wa pikipiki aipeleke karakana kwa Fundi. Juu ya kopo alibandika karatasi: *Uza na hii.*

Jibu lilichukua karibu wiki tatu. *Sawa. Jumamosi nakuja kuchukua nusu yangu ya Sahani.*

Ndiyo hii Jumamosi.

"Tuanze," Meno alisema.

Alikuwa ameshatandika meza kama meza ya upasuaji. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya tangi. Mashine yake ya kuchongea meno, na kwenye ncha yake kisahani cha almasi cha kukatia, chembamba kama ukucha. Wembe mpya, miwani miwili, na mabeseni mawili ya maji ya tangi, moja limetiwa matone ya dawa ya aidini mpaka limekuwa rangi ya chai.

Aliingiza mikono yote miwili ndani ya tangi, akamtikisa Sahani pole pole ili ateme maji na kunywea. Vidole laini vikarudi ndani kimoja kimoja. Alipomtoa na kumlaza kifudifudi kwenye kitambaa, mifupa yake ilionekana chini: mistari myembamba mingi iliyoanzia katikati na kutawanyika pande zote kama jua la kuchorwa na mtoto.

"Maskini," Shangazi alisema. Chungwa lilikuwa limesahauliwa mkononi.

"Mkato upite mdomoni," Fundi alisema. "Kila nusu ibaki na kipande cha mdomo. La sivyo moja itakufa njaa."

"Unanifundisha?"

"Nakukumbusha."

"Mtu aliyetaka kumuuza ananikumbusha asife njaa! Shika bomba la sindano, mwagia maji, funga mdomo wako wewe kwanza."

"Kwa hiyo hata ugomvi wa mnyama uko mdomoni," Shangazi alisema, akijisemea.

Mashine ikalia. Vumbi jeupe la mfupa likachanganyika na maji na kuwa uji. Harufu ikapanda, ile ya meno yanayokatwa, ambayo Meno hurudi nayo nyumbani kila siku kwenye nywele. Fundi alisimama upande wa pili wa meza akimwagia maji penye mkato ili usipate moto, na ili ayafikishe ilimbidi ainame mpaka vichwa vyao vikakaribia kugusana. Alisikia pumzi ya Meno. Meno naye alisikia sabuni, ile ile, ya kipande cha kijani ambayo alimkataza mara mia asiogee kwa kuwa inamkausha ngozi.

"HUKUNIPA NAFASI YA KUSEMA!" Fundi alipaza sauti kushinda mashine.

"NAFASI YA NINI?"

"YA KUELEZA!"

"ULIKUWA NA WIKI NZIMA! MAMA YAKO ALIJUA KABLA YANGU! NYUMBA YANGU, TANGI LANGU, NA MIMI NASIKIA KWENYE SIMU KAMA JIRANI!"

"NILITAKA KUKWAMBIA JIONI ILE MAMA ALIPOONDOKA!"

"JIONI ILE ULISEMA UNAUMWA KICHWA!"

"KILIKUWA KINANIUMA!"

"MIMI NDIYO KIMENIUMA! WIKI TATU SIJALALA KITANDANI NIKAPATA—"

Mashine ikafika mwisho wa mfupa, Meno akaizima, na neno "nikapata" likabaki limening'inia sebuleni peke yake.

"Malizia," Shangazi alisema. "Jirani wa juu anasubiri kujua kama ulipata usingizi."

Meno alivua miwani. Uso ulikuwa umemwiva. Akachukua wembe, na kwa mkono usiotikisika akapitisha kwenye nyama laini, kutoka ukingoni, akapita mdomoni katikati kabisa, mpaka ukingo wa pili. Sahani akaachana. Zikawa nusu mbili, kila moja na nusu ya mdomo.

 

Lililomkasirisha Meno wakati ule ni mkono wake. Ungetetemeka kidogo tu! Ungekata upande, angeupigia kelele, angelia. Lakini mkato ulikuwa umenyooka kuliko mkato wowote aliowahi kukata, na machozi hayakuwa na kisingizio.

Alizitia nusu zote mbili kwenye beseni la aidini, akatazama saa. Dakika zikapita. Fundi alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Haya," Meno alisema. "Lete ndoo."

"Ndoo?"

"Ndoo uliyokuja nayo. Nusu yako ni ile yenye alama ya kidonda cha zamani, si ulimleta wewe? Lete ndoo, mchukue, uende."

Fundi hakusogea. Ndoo ilikuwa karibu na viatu vyake, imefunikwa taulo.

"Nimesema lete."

"Acha, nitaileta mwenyewe."

Lakini jinsi alivyosema "acha" ilimfanya Meno avuke sebule kwa hatua tatu na kulinyakua taulo. Ndani ya ndoo hakukuwa na maji. Hakukuwa na pampu ndogo ya hewa, wala kipimajoto, wala mfuko, na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuhamisha hata konokono bila kupima maji mara mbili. Chini kabisa lilikuwepo kopo la chakula cha samaki, na karatasi yake bado imebandikwa. Alipotikisa ndoo, pete ikagonga bati.

"Hii ni nini?"

"Ni ndoo."

"Usinifanye mtoto! Ungembeba ndani ya ndoo kavu? Ulikuja kumchukua, au ulikuja kunichezea?"

Sasa Fundi naye akapandisha. Watu husema wapole hawana hasira. Wanazo, ila wanaziweka kwenye jokofu. Alitupa kitambaa mezani.

"Na wewe je? Wewe si ndiye uliyenifundisha kwamba tumbawe likishakatwa halitolewi kwenye maji yake mpaka kidonda kifunge? Si maneno yako hayo? Ulipokubali nije nichukue nusu yangu leo hukuyajua? Umenikatia, umenitilia dawa, unaniambia lete ndoo. Ulitaka nimtoe afie njiani?"

"Nilitaka uone mwenyewe!"

"Nione nini?"

"Kwamba haondoki!"

Neno likatoka, na likishatoka halirudi. Meno aliziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya aidini.

Shangazi akatia kipande cha chungwa mdomoni, akatafuna taratibu. "Kwa hiyo huyu alijua habebeki, na huyu alijua hatambeba. Mkakata mnyama wa watu."

"Hatakufa," wote wawili walisema kwa pamoja, wakatazamana kwa chuki.

"Kidonda kinafunga siku ngapi?"

"Wiki tatu," Fundi alisema.

"Nne," Meno alisema.

"Tatu, ukimlisha vizuri."

"Nne! Mwaka jana yule wa zambarau alichukua nne na siku mbili, ulikuwepo, au siku hizo pia kichwa kilikuwa kinakuuma?"

Alimgeuzia mgongo, akazibeba nusu kwa koleo refu la plastiki, akaziingiza tangini. Yake akailaza mwisho wa kulia, penye kivuli cha jiwe. Ya Fundi akaipeleka mwisho wa kushoto kabisa.

"Huna haja ya kuzitenga," Fundi alisema. "Matumbawe tofauti ndiyo huumana. Hawa ni damu moja."

"Nimezitenga kwa sababu napenda kuzitenga." Akajikausha mikono. Kisha akageuka, na sauti yake ikashuka chini, na waliomfahamu walijua kwamba sauti yake ikishuka ndipo mambo yameharibika. "Toa simu. Mpigie mama yako, mbele yangu, sauti ya nje. Umwambie tangi langu haliuzwi. Usipompigia, kuanzia leo nusu hii nitailea mimi, nikutumie mtu wa pikipiki ikipona, na uso wako nisiuone tena."

Fundi alimtazama. Kisha akatoa simu.

Iliita mara nyingi.

"Unanipigia asubuhi Jumamosi, nani amekufa?" Sauti ya mama yake ilijaza sebule.

"Hakuna aliyekufa, Mama. Niko kwa Meno."

"Nasikia maji. Lile tangi bado lipo?"

"Lipo, Mama." Akamtazama Meno. "Na litaendelea kuwepo. Niliposema litauzwa nilisema uongo."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mimi sikukuuliza habari za tangi. Nilikuuliza mkishaoana mtakaa wapi. Ukanijibu, 'Mama, tangi tutaliuza.' Nikasema moyoni, huyu mtoto nimemuuliza nyumba, ananijibu samaki. Nikampigia mwenzio nimpongeze, nione kama anajua. Akanikatia simu. Yupo hapo?"

Meno alisogea karibu na simu. "Nipo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Una meno kweli wewe."

"Nisamehe, Mama. Nilidhani wewe ndiye uliyeagiza tangi liondoke."

"Mimi niagize kwenye nyumba ya mtu? Nililipa mgongo kwa sababu lile duara lenu lina mdomo tumboni na lilikuwa linanitazama. Basi."

Meno alimgeukia Fundi. Wiki tatu alikuwa amemchukia mama wa watu, amemjengea hadi pembe, kumbe mwenye pembe alikuwa huyu, mwenye soksi ya tundu. "Kumbe hakuna aliyekuomba," alisema. "Ulikitoa changu kabla hakijaombwa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Fundi aliiangalia simu kama anayeangalia kisima. Akasema na wote wawili, simu na mwanamke. "Kwa sababu jibu lilikuwa kwamba nahamia hapa. Tangi hili likijaa lina uzito wa gari, sakafu ya kwangu haiwezi kulibeba. Kwa hiyo mimi ndiye wa kuhama. Nikaona nikisema nahamia kwa mke, Mama ataniuliza mimi ni mume wa namna gani. Nikaona afadhali tangi liondoke kuliko niulizwe hivyo."

"Tangi langu."

"Tangi lako."

"Na ungenieleza lini? Siku ambayo watu wa kubeba wangekuja na kamba?"

"Sijui, Meno. Ningetafuta uongo mwingine."

Halafu Mama akasema, "Unahamia kwa mke."

"Ndiyo, Mama. Kama bado ananitaka."

"Sijapenda."

"Najua, Mama."

"Nimesema sijapenda. Sijasema usifanye. Ulipaswa kuniacha nisipende mapema, ningeshazoea sasa hivi." Akavuta pumzi. "Haya, endeleeni kugombana. Mimi nina nguo zinanyeshewa."

Simu ikakatika. Nje hapakuwa na dalili yoyote ya mvua, lakini huenda kwake ilinyesha.

"Vizuri," Fundi alisema, akajaribu kutabasamu.

Meno hakutabasamu hata chembe. "Nini kizuri? Umedhani ukishaungama ndiyo nikupigie vigelegele? Hasira yangu ilikuwa ya watu wawili, wewe na mama yako. Sasa imekuwa yako peke yako, yote, na hutaweza kuibeba. Lete ufunguo."

"Meno."

"Ufunguo!"

Akauvuta kwenye mnyororo wake, ukagoma, akautoa kwa meno. Akauweka mezani.

"Utakuja kila asubuhi kabla ya kazi mpaka nusu yako ipone. Utagonga. Utapima chumvi, utapima joto, utamlisha, utaondoka. Chai hupewi. Na hilo kopo lirudi kwenye ndoo yako, sijaliomba."

"Wiki tatu," Fundi alisema, akivaa viatu.

"Nne!"

Mlango ukafungwa. Meno alibaki amesimama katikati ya sebule na taulo la Fundi mkononi. Alijua kwamba Shangazi anamtazama, kwa hiyo hakulinusa.

"Shangazi, unaondoka leo?"

"Nitaondoka vipi na mgonjwa yumo ndani? Nakaa mpaka kidonda kifunge."

Jumapili Fundi alikuja, wakagombana kuhusu chumvi. Kipimo chake kilisema imezidi, kipimo chake Meno kilisema iko sawa, wakapima mara nne, na kwa kuwa kukubaliana kungekuwa aibu, kila mmoja aliandika namba yake kwenye karatasi yake. Jumatatu walikosana kuhusu taa. Fundi alisema mwanga upunguzwe kwa ajili ya wagonjwa, Meno akasema alishaupunguza kabla hajaambiwa, na kama angekuwa na macho angeona. Alikuwa na macho. Alikuwa akimwangalia yeye, na kifungo cha pili cha shati kilikuwa kimeshonwa, vibaya, kwa uzi wa rangi nyingine, na mtu aliyeshona vibaya vile hakuwa mwanamke. Meno alijua hilo papo hapo. Lilimfariji, na faraja ile ikamkasirisha siku nzima. Kliniki alichonga meno mawili makubwa kuliko mdomo wa mteja.

Jumanne asubuhi Fundi aliinama mbele ya kioo, akakaa hivyo hivyo.

"Umeisogeza nusu yangu," alisema.

"Nani?"

"Njoo uone."

Nusu ya kushoto haikuwa kushoto. Ilikuwa mwisho wa kulia, kwenye kivuli cha jiwe, imelazwa ubavuni mwa nusu ya Meno, mkato kwa mkato, katikati pakiwa na nafasi ya kupita unyasi. Vidole vyao laini vilikuwa vimetoka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Vya huyu vilikuwa vinagusa vya yule.

"Mimi sijagusa!" Meno alisema. "Ni wewe!"

"Nimeingia sasa hivi! Umenifungulia mwenyewe!"

"Basi ametembea."

"Ametembea? Akiwa mzima anakwenda upana wa kidole kwa siku. Huyu ana kidonda, amevuka tangi zima na kulizunguka jiwe. Ameitiwa teksi?"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu!"

"Sikupigii kelele, nauliza!"

Walinyamaza pamoja, kwa sababu kitu kilikuwa kikidondoka. Tone. Kisha tone lingine. Halikuwa tangi. Waligeuka.

Shangazi alikuwa kwenye kochi, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, na katika maisha yake yote hakuwahi kunywa kitu chochote kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefichwa chini ya mto. Mkono wa gauni lake ulikuwa umelowa mpaka juu ya kiwiko, unadondosha maji ya chumvi kwenye zulia, na kwenye kifungo cha mwisho palinasa punje za mchanga mweupe.

"Nini?" Shangazi alisema. "Nimeosha vyombo."

Jikoni vikombe vya jana vilionekana kutoka pale, vimepangana na uchafu wao.

Fundi alichukua koleo refu kutoka kwenye ndoano, akakunja shati mpaka begani. "Nimrudishe kushoto?" aliuliza. Safari hii sauti haikuwa na ugomvi ndani yake, na ndiyo maana Meno alichelewa kujibu.

Aliangalia kioo. Aliangalia ule mkono ulioinuliwa, koleo likiwa limeshagusa maji.

"Weka koleo chini," alisema kwa ukali.

"Lakini ulisema—"

"Nimesema weka chini! Mnyama mgonjwa hahamishwi hamishwi kila siku kama kiti. Iache hapo hapo ilipo." Akavuta kiti kwa kelele, akaketi mezani, akaisukuma birika upande wa pili, penye kikombe kitupu. "Na pima chumvi. Leo umechelewa dakika kumi."